Programu za simu za kumfuatilia mgonjwa wa moyo akiwa nyumbani: ni nani anayezisoma namba?

BINTI WA KAWANGWARE

Habari zenu nyote. Naomba ushauri wa wenye ujuzi na wa waliopitia jambo hili, kwa kuwa nimefika mahali ambapo sijui nishike lipi na niache lipi.

Mama yangu ana miaka 58. Mwaka jana, baada ya wiki kadhaa za kuhema hata akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, tuliambiwa kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyopasa, na kwamba chanzo ni presha ambayo ameishi nayo kwa miaka mingi bila kujua. Tangu hapo amelazwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miezi mitatu tu. Mara zote mbili mambo yalianza vilevile: miguu inavimba kidogo, yeye anasema ni uchovu wa kusimama, siku zinapita, kisha usiku mmoja anaamka akitafuta hewa. Mara ya pili nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Nilipomvua soksi, mpira wake ulikuwa umeacha mfereji kuzunguka mguu, na nilipobonyeza kwa kidole shimo lilibaki pale pale kama kwenye unga wa chapati uliokandwa. Sijasahau shimo lile, kwa sababu najua halikutokea usiku ule. Maji yale yalikuwa yakijaa siku nyingi, wakati mimi nikimwuliza kwa simu, "Uko salama?" naye akinijibu, "Niko salama."

Mama anaishi Kawangware pamoja na mpwa wangu aliye kidato cha pili. Mimi ninaishi Embakasi na kazi yangu ni ya zamu, kwa hiyo kuna wiki ambazo simwoni isipokuwa Jumapili. Karatasi tuliyopewa aliporuhusiwa kurudi nyumbani ilisema apimwe uzito kila asubuhi, apunguze chumvi na arudi kliniki baada ya wiki sita. Haikusema uzito ukiongezeka kiasi gani tufanye nini, wala tumpigie nani.

Nimenunua mizani na mashine ya presha ya kufungwa mkononi, na nimejaribu programu tatu za simu. Ya kwanza hudai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera. Ilimpa mama 118 kwa 76, na dakika chache baadaye mashine ya mkononi ikaonyesha 158 kwa 96, mara mbili mfululizo. Ya pili huchora mchoro mzuri wa uzito, lakini maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na mama husoma Kiswahili. Ya tatu inatoza malipo ya kila mwezi na kuahidi kutoa tahadhari, ila sikufaulu kujua tahadhari hiyo humfikia mtu gani.

Ninalouliza ni hili: je, programu hizi zinasaidia kweli, au ninajituliza moyo tu? Na kama zinasaidia, ni vipimo gani vya kufuatilia, na mtu wa kawaida wa Nairobi asiye na daktari wake binafsi aanzie wapi?

MUUGUZI WA KLINIKI YA MOYO

Dada, pole sana, na hongera kwa kununua mizani, kwa sababu hicho ndicho chombo chenye thamani kubwa kuliko vyote ulivyovitaja. Mimi ni muuguzi na nimehudumia wagonjwa wa moyo hapa Nairobi kwa miaka tisa.

Moyo unaposukuma damu kwa unyonge, figo hupata damu kidogo, nazo huchukulia kwamba mwili umepungukiwa na maji. Hivyo huzuia chumvi na maji yasitoke, na maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni na hatimaye mapafuni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na ndiyo maana mizani huona mapema jambo ambalo macho huliona baadaye. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha wagonjwa waliolazwa na wasiolazwa, ukaonyesha kwamba uzito wa waliolazwa ulianza kupanda angalau wiki moja kabla ya siku ya kulazwa. Kwa hiyo ile wiki ya "niko salama" uliyoieleza ndiyo wiki ambayo tungeweza kufanya kitu, na wala huhitaji kujilaumu, kwa kuwa hakuna aliyekwambia uitazame.

Kiwango kinachotumika katika miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya, na ambacho nasi hukitumia, ni ongezeko la ghafla la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Lakini namba hiyo haina maana bila namba nyingine ya kuilinganisha nayo, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Muulize daktari auandike waziwazi kwenye kadi. Uliza pia akifika kiasi gani mpige simu, na ni dalili zipi ambazo zikitokea msipige simu bali mwende hospitalini moja kwa moja: kukosa pumzi akiwa ameketi tu, kuzirai, maumivu ya kifua yasiyoachia, midomo kugeuka rangi.

Mizani nayo ina udhaifu wake. Mgonjwa aliyeugua muda mrefu hupungua nyama, na anaweza kupoteza kilo mbili za misuli huku akiongeza kilo mbili za maji, mizani ikabaki kimya. Ndiyo maana hatuachi kuuliza maswali ya zamani: jana ulilala na mito mingapi, uliamka ukikohoa, viatu vinaingia? Kwa upande mwingine, uzito ukishuka ghafla wakati ameharisha au hakula, huku akiendelea kumeza dawa ya maji, yaani ile ya kutoa maji ya ziada mwilini kwa njia ya mkojo, anaweza kukauka, akapata kizunguzungu na kuumiza figo. Kushuka nako kuna haki ya kupigiwa simu.

Kuhusu ile programu ya kidole kwenye kamera, ifute leo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliipima programu moja ya aina hiyo, wakakuta kwamba karibu watu wanane kati ya kumi waliokuwa na presha ya juu waliambiwa presha yao si ya juu. Kipimo kinachomtuliza mtu aliye hatarini ni kibaya kuliko kukosa kipimo. Shikamana na mashine ya mkononi, mkanda wake uwe wa ukubwa unaotosha mkono wake, na mama aketi kimya dakika tano kabla ya kupimwa.

Nina maswali mawili kabla sijaendelea. Mama humeza dawa ya maji saa ngapi, na huimeza kila siku? Pili, je, kuna dawa yoyote ya maumivu anayonunua mwenyewe dukani?

BINTI WA KAWANGWARE

Ahsante sana, muuguzi. Nilimpigia mama jioni hii nikamwuliza kama ulivyoniagiza, na jibu lake limeniacha nimekaa kimya.

Mama huuza mboga. Siku tatu kwa wiki hutoka nyumbani kabla ya saa kumi alfajiri kwenda kununua bidhaa Marikiti, na siku hizo hamezi dawa ya maji kabisa, kwa sababu ikianza kufanya kazi atahitaji choo kila baada ya dakika chache na hawezi kuacha magunia bila mtu. Akirudi huwa ameshughulika na kupanga kibanda, na dozi ya siku hiyo imepita. Amefanya hivyo tangu aruhusiwe kutoka hospitalini mara ya kwanza. Hakumwambia daktari kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, hakuulizwa saa, aliulizwa kama anameza dawa, naye kweli anameza. Hakuna programu yoyote kati ya zile tatu ambayo ingeniambia jambo hili.

Kuhusu dawa za maumivu alisema hana. Nitaliangalia nitakapokwenda Jumapili.

MTENGENEZA PROGRAMU

Nimesoma jibu hilo la mama mara mbili. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta ya afya, na ningependa kujibu swali la kwanza la dada, kama programu hizi zinasaidia kweli, kwa kuwa watu wa taaluma yangu hutoa ahadi nyingi kuliko ushahidi walio nao.

Ushahidi wenyewe umegawanyika, na namna ulivyogawanyika inafundisha. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wenye wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku kwa mtambo uliowauliza uzito na dalili kwa sauti iliyorekodiwa, na majibu yakapelekwa kliniki. Baada ya siku 180 hapakuwa na tofauti yoyote, si ya kulazwa tena wala ya vifo. Takriban mmoja kati ya saba hakuutumia mtambo huo hata mara moja, na kufikia wiki ya mwisho waliokuwa wakiutumia angalau mara tatu kwa wiki walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Miaka sita baadaye hospitali za California zilijaribu tena, safari hii kwa mizani na mashine za presha zilizotuma vipimo zenyewe na wauguzi waliopiga simu, kwa wagonjwa 1,437. Kiwango cha kulazwa tena hakikushuka.

Halafu ukaja utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2018, ulioongozwa na hospitali ya Charité ya Berlin, wenye wagonjwa 1,571. Hapo vifo vilipungua: kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka walikufa takriban 8 upande wa waliofuatiliwa na takriban 11 upande wa pili. Vifaa havikuwa vya ajabu, kwani ni mizani, mashine ya presha, kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha oksijeni na kompyuta bapa ya kuvituma. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba vipimo vilifika mahali palipokuwa na madaktari na wauguzi usiku na mchana, wenye idhini ya kubadilisha dozi au kumwita mgonjwa, na kila mgonjwa alipigiwa simu ya mazungumzo kila mwezi. Kule California wauguzi waliokuwa wakiona namba mbaya walimhimiza mgonjwa amtafute daktari wake mwenyewe. Wajerumani waliyachukulia matokeo yao kwa uzito kiasi kwamba Desemba 2020 waliamua huduma hiyo ilipwe na bima za afya za umma.

Ningependa pia kumkumbusha dada kwamba mfano ulio karibu naye zaidi haukutoka Ulaya. Ulifanyika hapa Kenya, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kila Jumatatu muuguzi alituma ujumbe mfupi wa neno moja, "Mambo?", na mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa waliotumiwa ujumbe na asilimia 50 upande wa wasiotumiwa. Simu zilizotumika zilikuwa za kawaida kabisa. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu uliuhesabu ukimya kuwa jibu linalohitaji mtu kuinuka na kufanya kitu.

Kwa hiyo, dada, nisingeanza kwa kuuliza ni programu gani. Ningeuliza ni nani atakayeisoma namba saa mbili asubuhi, ana ruhusa ya kufanya nini, na namba isipofika atajuaje. Ukiwa na majibu hayo, daftari na ujumbe mfupi vinatosha. Ukiyakosa, programu ya bei ghali itachora mchoro mzuri wa mama akizidiwa.

Neno moja kuhusu ile programu ya kulipia. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni miongoni mwa data nyeti, na mama ana haki ya kujua ni nani anazihifadhi na kwa kazi gani, kuzisahihisha zikiwa na makosa na kudai zifutwe. Mwombe ridhaa yeye mwenyewe kabla ya kujaza jina lake popote, hata kama wewe ndiye unayelipa bando.

MZEE WA JERICHO

Mimi si mtaalamu. Nina miaka 71 na ugonjwa huu nimeishi nao tangu mwaka 2017, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua kwa mwili wangu.

Binti yangu, mizani iwekwe kwenye sakafu ya saruji, si juu ya zulia wala mkeka, kwani kwenye zulia langu ilikuwa ikinipunguzia karibu kilo moja. Mama apande baada ya haja ndogo ya asubuhi, kabla ya chai, akiwa na nguo ileile ya kulalia kila siku. Mimi huandika kwenye daftari la shule lililofungwa kwa uzi kwenye msumari karibu na mlango wa choo. Mjukuu wangu huiingiza namba kwenye simu, lakini umeme ulipokatika siku mbili na simu zote zikazima, daftari ndilo nililokwenda nalo kliniki.

Nyumbani kwangu tuliwahi kuwa na programu iliyokuwa ikilia kila nilipoongeza hata nusu kilo. Ililia nilipokula mchana mzito, ililia nilipovaa sweta, ililia kila asubuhi hadi mwanangu akaizima sauti ili watoto walale. Baada ya hapo niliongeza kilo tatu halisi, na hakuna aliyejua, mimi mwenyewe nikiwemo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba kuna kitu kinanilinda. Nililazwa siku tisa. Tangu hapo tumekubaliana na daktari juu ya kiwango kimoja tu, na kikivukwa hatubishani, tunapiga simu.

Jambo la mwisho ni la heshima. Kuna kipindi ambacho mwanangu alikuwa akinipigia alfajiri, na neno lake la kwanza, kabla hata ya salamu, lilikuwa "Kilo ngapi?" Nilijiona kama gunia lililopandishwa mizanini. Nikaanza kumtajia namba za kumridhisha, na nasikitika kusema nilimdanganya kwa karibu mwezi mzima. Hakuna mtu aliyetaka nife, mwanangu alikuwa akiniogopea tu, lakini woga wake ulinifanya nimfiche. Msalimie mama kwanza. Muulize habari za kibanda, mboga zilinunuliwaje, halafu namba itakuja yenyewe.

MUUGUZI WA KLINIKI YA MOYO

Mzee wetu, nakushukuru kwa kusema waziwazi kwamba ulitaja namba zisizo za kweli. Tunaziona namba kama hizo mara nyingi: 70, 70, 70, mwezi mzima bila hata gramu moja kusogea, na mwili wa binadamu haukai hivyo.

Dada, jambo la Marikiti lina dawa yake. Dawa ya maji aina ya furosemaidi huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, na kazi yake kubwa huisha ndani ya saa sita au zaidi kidogo. Hakuna sheria inayolazimisha imezwe alfajiri. Tunachoepuka ni kuimeza usiku, maana itamnyima usingizi. Mwombe daktari aandike kwamba siku za soko aimeze atakaporudi, kwa mfano saa nne asubuhi, akiwa karibu na choo cha nyumbani. Asijiongezee dozi wala kufidia aliyoiruka bila kuambiwa, kwa sababu potasiamu inaweza kuvurugika, na potasiamu ikivurugika mapigo ya moyo nayo huvurugika.

Hili la mama kuwa kazini linanigusa, kwa kuwa huduma nyingi za kufuatilia wagonjwa kwa simu zilitungwa mahali ambapo mgonjwa wa moyo ni mzee aliyestaafu na yuko nyumbani. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta wagonjwa 1,006 wenye wastani wa umri wa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa presha. Hawa ni watu wanaoamka kutafuta riziki, na ratiba ya dawa isiyoijua ratiba ya soko itashindwa kila mara.

Kama kuna anayekushauri ununue kipimo cha oksijeni cha kidole, kinaweza kusaidia, lakini kisiwe ndicho mnachokitegemea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vifaa hivyo vilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu mzima mwenye afya hapa anaweza kusoma chini kidogo ya mwenzake wa Mombasa. Andika namba yake ya siku njema, uilinganishe na hiyo.

Tafuta pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo la mama. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya presha, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Jirani mwenye macho yaliyofunzwa, anayeweza kubonyeza mguu wa mama katikati ya wiki wakati wewe uko zamu, atakusaidia kuliko unavyodhani.

BINTI WA KAWANGWARE

Zimepita wiki tano, na nimeona si haki kuwaacha bila kuwaambia tulikofikia.

Daktari alisikiliza habari za Marikiti bila kumlaumu mama, akabadilisha saa ya dawa siku za soko, kisha akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: uzito wa kawaida 64, ukifika 66 piga simu. Muuguzi wa kliniki alitupa nambari ya kupiga kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nje ya saa hizo, au akikosa pumzi, tunakwenda moja kwa moja. Mpwa wangu hunitumia ujumbe mfupi kabla ya kwenda shule wenye uzito, presha na neno moja, sawa au shida. Mimi huingiza namba kwenye programu rahisi ya majedwali ili nione mwelekeo, na usipofika ujumbe kufikia saa moja na nusu, ninapiga. Ninaanza na salamu, Mzee wa Jericho.

Wiki ya tatu ujumbe ulikuja hivi kwa siku tatu: 64.2 sawa, 65.1 sawa, 66.3 sawa. Neno lilisema sawa na namba ikakataa. Nilipiga kliniki nikiwa bado kwenye matatu, na swali la kwanza la muuguzi lilikuwa lilelile la hapa, kama mama amenunua dawa ya maumivu. Nilimwuliza tena, naye akakumbuka: goti lilikuwa limemsumbua, akanunua vidonge vya diklofenaki dukani, na kwake hivyo si dawa za maumivu, ni dawa za goti. Muuguzi alinieleza kwamba vidonge vya aina hiyo hufanya figo zishike chumvi na maji. Mama aliambiwa aviache, dozi ya dawa ya maji ikaongezwa kwa siku tatu, na akapimwa damu kuangalia figo na potasiamu. Siku ya sita alirudi kwenye 64.4. Hakulazwa.

Kilichokuwa kimebaki kunitia wasiwasi ni Desemba, kwa kuwa mpwa wangu ataenda kwa baba yake likizo nzima. Wiki hii mama amesema hataki kumngojea mtoto ndipo apimwe, akaomba afundishwe kutuma mwenyewe kwa simu yake ya vibonyezo. Leo saa tisa na dakika arubaini usiku, kabla hajatoka kwenda sokoni, niliupata ujumbe wake wa kwanza: "64.1 sawa. Presha nitapima nikirudi. Wewe umekula?"